Ndugu Nyangi Hana Kiwanja

Jumatano. Mawingu yamefunga tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi. Nadhani nayo inasubiri maelekezo kutoka wilayani.

Leo tumegawiwa viwanja vya kijiji kipya. Nimerudi nyumbani sina hamu ya ugali.

Mimi ni seremala. Kuchora ramani sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuwaangalia mabwana waliokuja kupima barabara ya Sirari, nikaona kazi yenyewe ni kuvaa kofia, kufunga jicho moja na kutojibu maswali. Kwa elimu hiyo kamati ikaniteua nimsaidie bwana mipango, kijana mpole wa kutoka Tanga, anayeogopa matope.

Ramani aliyokuja nayo ni mistari mitupu. Nyumba zimepangwa kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha, milango yote inaangalia barabara, na ng'ombe wako nyuma. Hapa kwetu ukimlaza ng'ombe nyuma ya nyumba, umeshamgawa. Kilichobaki ni mwenyewe kuja kumchukua.

Basi nikachora yangu. Nyumba zinazunguka zizi, milango inatazamana, na kila mama ana nyumba yake, maana kwetu mama asiye na mlango wake ni mgeni wa mwenye mlango. Kisima nikakiweka karibu na wanaoteka maji, si karibu na ofisi. Nilijiambia kwamba kama tunahamishwa ili tuwe sawa, basi usawa uanzie kwenye karatasi. Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Bwana mipango akakubali nichomeke vigingi kufuata mchoro wangu, auone kwanza ukiwa na watu ndani.

Aliyenisumbua akili ni Mama Nyangi.

Ni mjane, hakujaliwa mtoto wa kiume. Akafanya kama kinamama wa Kikurya wanavyofanya: akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa msichana, Robi, na watoto wa Robi wakawa watoto wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mume ni yeye. Shemeji yake, Marwa, anawamezea mate ng'ombe waliobaki tangu siku tuliyomzika kaka yake. Kinachomzuia ni kimoja tu: Mama Nyangi ana mji wake na mlango wake.

Na utaratibu wa wilaya unasema kiwanja ni cha mwanamume mwenye familia.

Nikafanya ujanja. Siku hizi sote ni ndugu, kwa hiyo ndani ya kiwanja chake nikaandika: Ndugu Nyangi, mke na watoto. Hakuna neno la uongo hapo.

Ila nilisahau kwamba watu wataitwa.

Bwana mipango akaita, "Ndugu Nyangi, simama kwenye kiwanja chako!" Mama Nyangi akainuka, kiko mdomoni, akaenda akasimama penye kigingi, amenyooka kuliko kigingi.

"Shikamoo mama. Namtaka mwenye kiwanja."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Namtaka mume."

Robi, mtoto mgongoni, akamwonyesha Mama Nyangi kwa kuchomoza mdomo. "Si huyo unayeongea naye?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani tumeshinda. Marwa peke yake hakucheka.

"Bwana mkubwa, huyo ni mke wa marehemu kaka yangu. Aandikwe kwangu. Kwani nitamla?"

"Mimi huwezi kunila, Marwa," akajibu Mama Nyangi. "Sina nyama. Wenye nyama unawajua."

Nikamweleza bwana mipango mila yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Kisha akasema, kwa huruma kabisa, kwamba wilayani hakuna mahali pa kumwandika mume wa kike. Akaazima kifutio changu, akamfuta. Mama Nyangi, Robi na watoto wamehamia kiwanja cha Marwa kwa kusuguliwa mara mbili tatu.

Na mizunguko yangu? Ameisifu sana. Ameikunja ramani kwa adabu, anaipeleka Bomani aibandike ukutani, wageni wajue kwamba wananchi nao walishirikishwa. Vigingi vimeng'olewa vikapangwa kwa mstari.

Aliyevipigilia ni mimi. Ukifunga jicho moja, utaona vimenyooka vizuri.

Jioni Mama Nyangi alipita kwenye karakana yangu. Nikamwamkia, akaitikia, hakunilaumu. Aliuliza tu nyumba yake huko kwa Marwa itaangalia wapi. Nikamwambia itaangalia ukuta wa Marwa.

"Na zizi?"

"Zizi moja, mama. La mwenye kiwanja."

Akavuta kiko chake taratibu. "Mura, kijana wangu, ungenichora na ndevu."

Alicheka. Mimi nilijifanya natafuta msumari.

Sikumwambia lililobaki. Kesho asubuhi naanza kubomoa nyumba yake ya zamani kule mlimani tunakohamishwa, na nimeagizwa nianze na mlango. Ni wa mninga, niliuchonga mwenyewe mwaka aliomuoa Robi, na hakuna mwingine kama huo huku kwetu. Bwana mipango ameuona, ameupenda, anasema utaifaa ofisi ya kijiji.

Nimekaa hapa najiuliza nilikuwa namchorea nani. Sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba mlango wa Mama Nyangi utakuwepo kijijini, tena mahali pazuri, unaangalia barabara.

Akitaka kupita, atapiga hodi.