Melkiori, Ile Opera Sikuiona

Melkiori, sha, ndugu yangu,

Nimekaa barazani kwa Suedi, upande wangu ule ule wa baiskeli. Upande wako, pale cherehani ilipokuwa, siku hizi kuna mama anauza karanga. Nikikwama neno nageuka kukuuliza, nakutana na karanga. Zimekaangwa vizuri, sina ugomvi nazo, ila hazijui lolote.

Barua ya shemeji Yudita ilinifikia wiki tatu baada ya wewe kuzikwa huko makazini walikowapeleka. Homa, siku nne, basi. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaendelea kuziba pancha maana mteja alikuwa anasubiri. Akaniuliza kama gundi imeniingia machoni. Nikamwambia gundi ya siku hizi ni kali. Mimi Yoramu, niliyekata mkonge Tanga miaka sita, niliyekula na watu wa kila rangi, mji mzima wa Kasulu unaniita Tanga kwa sababu mimi mwenyewe naisema Tanga kila siku, nikashindwa kutunga uongo mzuri zaidi ya huo.

Lakini sikuandikii kukulilia. Yudita ameandika mwishoni, kwa ule mwandiko wake wa kubonyeza: "Mungu ndiye atakayemlipa yule mwenye duka." Anamsema Suedi. Kila mtu hapa anamsema Suedi, kwamba ndiye aliyepeleka jina lako ofisini wakaja kukuchukua. Suedi hakupeleka jina la mtu. Unajua nani alipeleka. Ulijua tangu asubuhi ile, ila hukusikia kutoka kinywani mwangu. Sasa sikiliza, hata kama nimechelewa kiasi hiki.

Nianze na chumvi, maana tulianza na chumvi. Suedi alikuwa ananunua magazeti makuukuu kutoka Kigoma, mafungu kwa mafungu, ya kufungia chumvi na sukari. Siku moja ulifungua chumvi yako ukakuta fumbo la maneno, vile vyumba vyeupe na vyeusi, ukaimwaga chumvi kwenye kikombe cha chai, ukaacha kushona mpaka adhuhuri. Mimi nikasogea kuona unasoma nini, maana nilidhani ni msiba. Kuanzia hapo tukawa wagonjwa wawili. Majibu yalitoka gazeti la wiki iliyofuata, na gazeti hilo lilikuwa limekwenda na sukari ya mtu mwingine. Tukapita nyumba kwa nyumba: "Mama, ile karatasi ya sukari mmeitupa?" Watu wa kule chini sokoni wakaficha mitungi yao wakidhani sisi ni mabwana afya.

Na kila tulikokwenda, opera. Ukumbuke ile ya kwanza: mchezo wa Ulaya, wahusika huimba badala ya kusema, herufi tano. Wewe ulinitazama tu. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Opera. Nimeiona Tanga." Neno lenyewe nililisikia kwa karani wa shamba la mkonge, ambaye bwana wake Mgiriki alikuwa nalo kwenye santuri. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, neno tupu. Kwa hilo neno nikajenga nyumba nzima. Nikakwambia nilisimama dirishani kwenye kilabu ya Wagiriki nikaona mwanamke mnene mwenye taji, amechomwa kisu cha kifua, lakini akaimba saa nzima kabla ya kufa, na yule aliyemchoma amesimama pembeni kwa adabu anamsubiri amalize.

Baada ya wiki mbili opera ikarudi, nikaongeza farasi. Ikarudi tena, nikaleta mfalme kipofu na mvua inayomwagwa kwa debe kutoka juu ya paa. Wewe ukauliza, sindano mdomoni, "Na farasi naye aliimba?" Nikasema, "Kidogo." Hata Suedi alitoka dukani akaketi.

Ukanieleza kwa nini opera hairuhusiwi kupumzika. Ulisema yule mtunga fumbo huko Dar es Salaam hawezi kumaliza kazi yake bila opera, kwa sababu irabu na konsonanti zake zimepangana zamu kwa zamu, inapenya popote penye pengo, kama spana yangu namba kumi. Nikamwonea huruma yule mtu. Nilimwona yuko chumbani kwake, jasho linamtoka, kila njia imefungwa, halafu anaiita opera imtoe. Ikitokea ulikuwa unasema tu, "Mgeni wetu amefika," na mimi nilijua ni zamu yangu kuongopa.

Mara moja niliendesha baiskeli mpaka Kibondo, siku mbili, nikasema nafuata minyororo ya baiskeli. Nilikuwa nafuata majibu. Nikayakuta kwenye hoteli moja ya chai, wameyabandika ukutani kuziba nyufa, kichwa chini miguu juu. Nikainamisha shingo kama kuku anayemchungulia mwewe, wateja wakaniuliza kama naumwa. Nilirudi na neno moja tu kwa hakika, na unajua ni lipi. Ulicheka mpaka ukashona mfuko wa suruali ukafungika.

Hapa ndipo panaponibana.

Ulikuwa na sheria yako moja. "Sisi tunajaza, hatupeleki." Kuponi ilikuwa pale chini ya kila fumbo, ya kukata na kutuma, na wewe hukutaka hata kuigusa na mkasi. Nami nilijua sababu. Mlivuka mpaka pale Manyovu, mkikimbia mauaji ya Burundi, mwaka ule wa sabini na mbili, wewe na Yudita, kichwa cha cherehani umekifunga mgongoni kama mtoto. Mjomba wako wa Makere akawapokea, akasema ninyi ni Waha wa kwake, na Kirundi chenu na Kiha chetu mgeni hawezi kuvitenganisha, tukasema wote ndivyo. Wenzenu walikuwa wanakusanywa kwenye malori kupelekwa makazi mapya, mbali. Wewe ulitaka kubaki huku ambako ukipanda kilimani asubuhi isiyo na ukungu unaona kwenu. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulifunga mdomo, na mtaa huu haujui kufunga mdomo kwa jambo lingine lolote.

Kisha abiria mmoja wa basi akasahau gazeti jipya kabisa, la wiki ile ile. Zawadi ilikuwa redio. Tulijaza kwa siku mbili, likabaki neno moja: mchezo wa jukwaani, herufi tano, na herufi tuliyokuwa nayo ni ile A ya mwisho tu. Ukasema, "Drama nayo inaingia, Yoramu." Nikasema opera. Ukasema, "Haya, wewe ndiye uliyeiona," ukaandika.

Ulipokwenda kusali rozari yako ya mchana, nikakata kuponi. Nikajaza mimi, kwa ule mwandiko wangu wa darasa la tatu unaopanda mlima. Jina lako lote. Anuani, dukani kwa Suedi, Kasulu. Palikuwa na mstari wa kazi. Fundi cherehani niliona halikutoshi. Nikaandika: mwalimu wa kwaya kutoka Burundi, anajua Kifaransa, mkimbizi lakini bingwa. Nikaisoma mara mbili nikajiona nimekuvalisha suti. Nikabandika stempu.

Utaniuliza akili yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye chumvi, Melkiori. Maisha yangu yote hapa gazeti nililijua kuwa ni kitu kinachokuja kimefunga chumvi, mwezi mmoja baadaye, limelowa pembeni. Nilidhani jina lako likitoka litafika Kasulu hivyo hivyo. Nilipanga nivizie mafungu ya Suedi, nilione mimi wa kwanza, nikuletee na chumvi yake ndani, nione uso wako. Sikufikiri kwamba kuna ofisi ambako gazeti linafika likiwa halijafunga kitu, na mtu anakaa analisoma mstari kwa mstari kwa sababu ndiyo kazi yake.

Opera ilikuwa sahihi. Ukashinda.

Walikuja wawili, saa tatu asubuhi. Mmoja alikuwa na gazeti amelikunja kwapani. Akakuuliza, bila ukali, "Wewe ndiye mwalimu wa Burundi?" akakuonyesha mahali. Ulisoma taratibu, mpaka yale maneno ya mkimbizi lakini bingwa, nikaona midomo yako inafika pale. Ukanitazama. Nami nikainamia gurudumu nikawa nazungusha spoku ambayo haikuwa na kosa. Ukasema, "Ndiye mimi."

Lori lilikuwa limetoka Kibondo, lina watu tayari. Yudita walimtoa shambani na jembe mkononi, hakuona gazeti, aliambiwa panda. Nawe ukiwa juu, umeshika watoto wenu, ulichoniambia ni, "Yoramu, ile suruali ya mzee wa kanisani iko tayari, mpe." Nilimpa. Imemkaa vizuri mpaka leo, kila Jumapili naiona inapita.

Wiki ile ile Suedi alikuwa amekwenda ofisini kwa mambo ya leseni ya duka. Watu wakaunganisha. Muislamu, wa kuja kutoka Ujiji, duka lina mabati, nani mwingine. Wateja wakahamia kwa wengine. Binti yake Mwajuma alikuwa ameposwa, posa ikavunjwa kwa adabu, wakasema kijana amepata safari. Nami miaka miwili nimekaa kwenye baraza lake, nakunywa chai yake. Mtu akisema, "Huyo ndiye aliyemtoa Melkiori," mimi, msemaji mkuu wa Kasulu, ninayeweza kumfanya farasi aimbe, nilisema, "Dunia ina mambo." Maneno matatu. Nimeyahesabu sana hayo.

Redio ilifika posta kwa jina lako. Hawakumpa mtu mwingine, ikarudi ilikotoka. Afadhali.

Kuna jambo jingine Yudita ameandika, nadhani alitaka kunifariji. Anasema kule seminari ulikosoma padre alikuwa na gramafoni, na wewe ulisikiliza opera ukiwa kijana mpaka ukazichoka, unazijua majina. Anasema mlipokuwa mnarudi Makere jioni ulikuwa unamsimulia yangu, ukacheka njia nzima, ukisema, "Ya Yoramu ndiyo nzuri, ina farasi." Kumbe ulijua. Miaka yote unaniuliza maswali na sindano mdomoni, unajua. Na kuponi ukaijua vile vile, ukainyamazia vile vile, kana kwamba ni farasi mwingine.

Nina hasira na wewe. Niache niseme, marehemu hawasemwi lakini wewe utanivumilia. Ungenitukana pale mbele ya wale watu wawili. Ungesema, "Maneno haya ni ya huyu mjinga hapa." Wangekuchukua vile vile, lakini Suedi angeuza sukari yake, na Mwajuma angekuwa kwake. Ulinifichia aibu yangu, ukampa mtu mwingine aibebe bila kujua. Najua hukukusudia. Hata mimi sikukusudia. Tazama tulivyo wema, na tazama tulichofanya.

Juzi nilimwambia Suedi. Alikuwa anapima sukari. Nilisema yote, kuponi, mwandiko, kile kimstari cha kazi. Hakuinua macho mpaka mizani ikatulia, akaifunga sukari, akamkabidhi mtoto wa watu, akasubiri atoke. Kisha akasema, "Bwana Yoramu, hili unaniambia mimi la nini? Katika mji huu wote, mimi ndiye mtu pekee niliyekuwa najua kwamba si mimi." Akarudi kwenye mizani yake.

Nimekaa na hayo maneno siku mbili. Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hivyo, na nimejibizana na manyapara.

Kwa hiyo, Melkiori, nakuahidi hivi, na safari hii sitii chumvi. Jumamosi gulio likijaa, watu wa Makere wakiwa wamefika na maharage yao, nitapanda juu ya sanduku langu la vifaa mbele ya duka la Suedi. Watadhani nina hadithi, watakusanyika, wanapenda hadithi zangu. Nitasema Suedi hakufanya kitu, niliandika mimi, halafu nitashuka. Nikitoka hapo nitakwenda kwa wale wakwe walioghairi, mmoja mmoja, mlangoni. Jumatatu nitashika basi la Kigoma, kisha treni, nikamtafute shemeji Yudita huko makazini nimwambie akiwa ananiona uso. Akinifungia mlango nitakaa nje mpaka aufungue anitukane.

Kaburi lako naambiwa lina msalaba wa mti na jina halijaandikwa. Sitaandika mimi, nimekuandika vya kutosha.

Pumzika, ndugu yangu. Nikisimama hapo ulipolala ujue nimeshasema kwa wote. Kama sijasema, sitafika.

Wako,
Yoramu