Viatu Vyangu vya Mashindano Viko Miguuni mwa Baba Mkwe

Mpendwa Maman Euphrasie, naomba msaada wako, na nimekuchagua wewe wa gazeti badala ya wale wa redio kwa sababu baba mkwe wangu ana redio na huisikiliza kila jioni, ila gazeti halisomi, na haya ninayotaka kusema akiyasikia nitampoteza mke kabla sijamwoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Kadutu, na ni mkimbiaji. Mkufunzi wa klabu yetu, Papa Ignace, hakubali tukimbie na kiatu chochote tu, anasema miguu ni miwili lakini njia ni nyingi, kwa hiyo nina viatu vizito vya turubai vyenye soli nene kwa mazoezi marefu ya asubuhi kwenye kokoto na matope ya vilimani, halafu kuna vile vyenye misumari chini, mali ya klabu, ambavyo tunavivaa kwa zamu kiwanjani siku za mbio fupi za kasi, na mwaka jana Papa Ignace alitoka Bujumbura akaniletea jozi ya tatu, nyeupe, soli nyembamba, nyepesi hata ukiishika unadhani umeshika boksi tupu, akaniambia, “Hii ni ya siku ya mashindano. Usiichezee.” Maman, sikuichezea. Niliifunga katika kitambaa nikaiweka ndani ya malle, sanduku langu la nguo, kama vile mama yetu alivyotufungia nguo za Noeli, maana kwetu nguo ya Noeli haivaliwi kabla ya Noeli, na kila dimanche baada ya misa nilifungua, nikaitazama, nikafunga.

Sasa mashindano yamefika. Zimebaki wiki tatu tukimbie mbio kubwa ya mji, mizunguko mitatu, yote juu ya lami, na wawili wa kwanza wataingia timu ya mkoa kwenda Kinshasa. Nimeingoja nafasi hii miaka minne, nina miaka ishirini na minane, na Papa Ignace amenieleza wazi kwamba ni mwaka huu au basi.

Samedi iliyopita nilirudi kutoka salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa ya kila Jumamosi, mikono bado ina udongo, nikafungua malle nivitazame. Kitambaa kilikuwepo, kimekunjwa vizuri kabisa, na ndani yake hakuna kitu. Maman, nilishtuka mpaka nikakaa chini. Nikatoa nguo zote, nikageuza malle, nikaipiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa, hakuna kitu. Ndipo akaingia tonton Cyprien, mdogo wa marehemu baba, ambaye nakaa naye na ndiye msemaji wetu katika mambo ya mahari, amevaa kambambili, ndala za mpira ambazo sijawahi kuziona.

“Tonton, biatu yangu iko wapi?”

“Ile nyeupe? Nilivaa, nikaenda nayo Mudaka kwa bakwe. Souliers yangu ilifunguka soli, weye ulitaka nivae suti ya abakosti na miguu tupu?”

“Na sasa iko wapi?”

“Nikafika, muzee akaiangalia, akasifu. Akasifu tena. Mutoto, mukwe akisifu kitu siku ya kuomba binti, utasema nini? Nikavua. Njo akanipa hizi kambambili nirudie nazo.”

Alisema hivyo huku akitafuta chumvi.

Kesho yake nilipanda hadi Mudaka, nikijisemea kwamba labda muzee ameviweka tu, labda hata havimtoshi. Nikapita njia ya nyuma ya rugo, boma lao, na nikamkuta Muzee Benoît, baba wa mchumba wangu Adélaïde, katikati ya shamba la maharagi, ameinama na jembe, na viatu vyangu vya mashindano, Maman, viatu ambavyo mimi mwenyewe sikuwahi kuvikanyagisha hata vumbi, viko miguuni mwake, vyekundu kwa udongo mpaka kwenye kamba! Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulia. Yeye akasimama wima, akacheka, akanyoosha goti moja, akanyoosha la pili.

“Mukwe wangu! Unaona? Na botte ya mpira nilikuwa natembea na fimbo. Na hii biatu, goti haiume tena. Nimeenda misa na miguu, nikarudi na miguu! Ni weye ulinichagulia?”

Adélaïde alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikasema, “Ndiyo, papa.”

Tangu siku ile silali wala sili. Je, nimtume shangazi ya Adélaïde akaviombe kwa upole? Je, nikimbie na vile vizito vya matope, ambavyo wenzangu watavicheka? Au niazime vile vya misumari, kwa kuwa angalau ni vyepesi? Au nikimbie miguu tupu kama zamani? Nimevitunza mwaka mzima, Maman, kwa siku moja tu, na siku imefika na havipo.

Ni mimi,
Mkimbiaji wa Kadutu

*

Mwanangu Mkimbiaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeshtuka, ila si pale ulipotaka nishtuke. Tonton wako amefanya tabia mbaya, hilo halina mjadala. Mtu hafungui malle ya mwenzake, hata kama ni malle ya mtoto wa kaka yake. Siku ya harusi aje na viatu vyake mwenyewe, na kabla hajatoka nyumbani mwangalie miguu.

Lakini wewe! Mwaka mzima! Viatu vimekaa ndani mwaka mzima, na hukukimbia navyo hata mara moja, hata kwenda sokoni na kurudi? Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu kule Nyawera, na sisi tulikula ugali wa viatu miaka kumi na tisa, kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Kiatu kipya hakijui mguu, na mguu haukijui. Hufundishana polepole, leo kidogo, kesho kidogo. Mkufunzi alikuambia usivichezee. Hakukuambia uvizike. Ungevivaa siku ile kwa mara ya kwanza, mzunguko wa kwanza ungekuwa raha tupu, wa pili kisigino kingeanza kuwaka, wa tatu ungeumaliza ukishika ukuta, na kucha mbili ungeziacha ndani ya soksi. Nguo ya Noeli unaivaa ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa, mwanangu. Hakuna anayekimbia nayo.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Miaka minne si mchezo, na najua kifua kilivyokubana ulipokuta kitambaa kitupu. Hata mimi ningekaa chini.

Sasa sikiliza. Shangazi usimtume. Tonton alivitoa bila ruhusa yako, hiyo kweli, na pale bado ungeweza kulalamika. Lakini muzee alikuuliza wewe, mbele ya binti yake, na wewe ukajibu ndiyo. Hiyo “ndiyo” ilikuwa yako, si ya tonton. Pale shambani ndipo ulipovitoa. Kitu kilichopewa mkwe hakirudi, na goti la mzee lililopona halirudishwi kwenye fimbo kwa sababu ya mbio.

Adélaïde umweleze yote, wiki hii, kwa mdomo wako. Asije akalisikia kwa tonton, ambaye naona mdomo wake hauna kufuli. Mwanamke aliyekuona ukimeza uchungu ule mbele ya baba yake atajua anaolewa na nani. Kama atacheka, acha acheke, hata mimi nimecheka.

Vile vya misumari usiviguse. Hivyo ni vya kiwanja, vinataka udongo vishike. Juu ya lami vitateleza kama mbuzi kwenye sakafu ya saruji, na magoti yako yatakwenda kumfuata muzee. Miguu tupu nayo iache: zamani ulikuwa na nyayo ngumu, sasa una nyayo za mwalimu. Utakimbia na vile vya turubai. Ndiyo, vizito. Lakini vinakujua. Vimepanda vilima na wewe mwaka mzima, na mguu uliozoea uzito kwenye matope utauona nafuu kwenye lami. Vioshe leo, vikaushe kivulini, mbali na moto, gundi isiachie. Toa kile kitambaa kinene cha ndani kama kinaondoka, weka kamba mpya. Usingoje siku yenyewe: wiki hizi zilizobaki kimbia navyo kwenye lami ile ile, kwa mwendo ule ule, mara mbili au tatu kwa wiki. Kucha kata siku tatu kabla. Soksi iwe ile uliyoizoea, na usithubutu kununua mpya! Wenzako wakicheka, wacheke wakiwa nyuma yako.

Jambo la mwisho. Panda Mudaka umwalike muzee. Mwambie ashuke mjini siku ile, na avae viatu vile vile, hata kama bado vina udongo wa maharagi, na asimame pale mwisho, mbele ya watu wote. Ulivitunza mwaka mzima ili vifike mwisho wa mbio, na vitafika. Kazi yako ni kuvifuata.

Maman Euphrasie