Asumini ya Nusaiba

Mtoni, Jumapili

Dada Nusaiba, shikamoo.

Sie wazima, ila mie nimechoka. Asumini yako imepanda mpaka juu ya ukuta, lakini haichanui na majani yanageuka njano. Jirani yetu Bi Salma kaifukua kidogo, akasema mizizi inaoza kwa maji mengi. Nikaficha ndoo. Mama akachukua sufuria. Anamwagilia, anasahau, anamwagilia tena, mara sita au saba kwa siku.

Jana nilimshika mkono nikamwambia basi, inatosha. Akaniangalia kama hanijui. “Mwanangu Nusaiba, siku anaondoka kwenda Maskati, aliniagiza niimwagilie mpaka arudi.”

Ndoo nimemrudishia.

Mdogo wako,
Khairiya