Bata Aliyetoka Mkavu

Wajukuu zangu,

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo kufuata dawa ya miguu ya bata wetu. Babu yenu asiwape mkate, hata wakimlilia. Wakatieni majani mabichi.

~~Msiwatie majini.~~ Watieni, kwenye karai lenye maji kidogo, nanyi mkae karibu.

Mlinicheka: "Bibi, kitendawili chako kimekufa. Eti 'aingia majini, atoka mkavu'? Hawa wako wanatoka kama matambara." Ni kweli, huko walikotelekezwa kabla hatujawachukua, manyoya yaliishiwa mafuta, wakilowa wanazama. Lakini asubuhi hii yule anayechechemea ameoga, akajikung'uta, maji yakamteleza mgongoni kama shanga zilizokatika uzi. Nilidhani bado naota. Nikamgusa. Mkavu.

Nikirudi mnipe mji. Nautaka wenye bwawa.

Bibi yenu