Kiti cha Mama Mkwe

Baba Kabula,

Ugali uko kwenye hotpoti, mlenda jikoni. Mbuzi hawajafunguliwa.

Mama ameondoka. Ulipokuwa unaoga alichungulia gari, akakuta umeng'oa kiti cha nyuma, kimebaki cha mbele tu, kando yako. Akaniuliza, “Nikae bega kwa bega na mkwe wangu mpaka Mwanhuzi?” Kashika njia kwa miguu, na goti lile bovu. Namkimbilia.

Ulisema gari likiwa jepesi halitakunywa dizeli sana. Haya, leo umelipunguzia mama mkwe na mke pia.

~~Usitufuate.~~ Tufuate, lakini funga kiti kwanza. Spana ziko chini ya godoro letu. Nilizificha jana nilipoona unaikodolea macho milango ya gari.

Mama Kabula