Upinde Ulionivunjikia Mkononi

Rafiki yangu Ladi, nakuandikia nikiwa nimejificha chooni, kwenye duka la pinde huku mjini Jakobsberg. Aibu!

Egide, yule Mrundi anayemchumbia binti yangu Gladness, aliniomba nimsaidie kuchagua upinde mpya wa kuwindia. Nikajitapa kwamba babu yangu alikuwa mwindaji. Nikachukua mmoja, nikauvuta, nikaachia kamba bila mshale.

Bila mshale, Ladi! PAA! Upinde ukapasuka mkononi mwangu.

Muuzaji akaja mbio. "Ukiachia bila mshale unavunjika! Nani kafanya hivi?"

Nikanyamaza. Mimi, mzee wa kanisa, nikanyamaza!

Egide akasema, "Ni mimi." Kisha akaninong'oneza, "Baba, kapumzike kidogo."

Namsikia anafokewa mpaka sasa.

Na jana tu nilimwambia Gladness kijana huyu hana adabu.