Mibuni ya Babu Yako

Machame

Wilson mjukuu wangu,

Huna adabu. Unatuma watu wang'oe mibuni ya babu yako ili upande maparachichi, na mimi niko hai hapa jikoni? Baba yako mdogo Shedrack aliwazuia, nawe ukamtukana kwenye simu. Tangu hapo hali chakula vizuri.

Ng'ombe amezaa, jike.

Juzi dada yako Aikande alinipeleka mjini Moshi, kwenye kile kiwanda cha kahawa nilichochambulia buni nilipokuwa msichana. Kimepakwa rangi, watu wanakaa humo wanakunywa kahawa. Nikashika ile mashine ya zamani ya kukoboa. Binti mmoja akaniambia, "Bibi, usiguse, tunaitunza."

"Vumbi lake liko kifuani mwangu, mama. Nalo mnalitunza?"

Akacheka. Mimi nikatafuta pa kukaa, maana nimechoka. Wanatunza chuma kisichokoboa tena, na wewe unang'oa mti unaozaa.

Maparachichi yako kapande shamba la chini. Kihamba hiki, shamba la nyumbani la babu yako, ukiache.

Usinipigie simu. Panda basi uje, ukate jani la sale, lile la kuombea msamaha, umpe Shedrack kwa mikono miwili, umwombe radhi. Ukimaliza, ndipo uje kuniamkia.

Bibi yako,
Ndeshukurwa